Besi imekwenda wapi?

Ijumaa, saa kumi jioni, ukumbi mmoja wa Temeke. Meza bado zinapangwa, mpiga dramu anakaza ngozi, mimi nimeshika gitaa la besi napima sauti. Nikapiga E tupu, yaani uzi mnene kuliko yote bila kuubana, sakafu ikaitika. Nikapiga D, safi kabisa. Nikapiga A.

Uzi ulitetemeka chini ya kidole vilevile ninavyoujua. Ukumbini hakikufika cha maana: mlio mwembamba wa juu, chini yake patupu. Nikahamia uzi wa E, freti ya tano, ambako A ileile inapatikana. Patupu vilevile.

Mpiga solo akageuka. "Kaka, umezima?"

Sikuwa nimezima.

Nikazungusha kitufe cha besi kwenda kulia. Koni za spika zikaanza kuruka mpaka ninaziona kwa macho nyuma ya wavu, na A ikabaki hapohapo ilipokuwa. Majirani zake, nusu toni juu na nusu toni chini, nao walikuwa dhaifu. Usiku ule nilipiga onyesho zima nikiikwepa nota moja. Wimbo ulipoidai niliichukua juu, oktava ya pili, kwenye uzi wa D. Watu walicheza, na nadhani wengi hawakugundua chochote. Lakini mimi swali lilinishika, likanifuata kwa wiki kadhaa hadi kwenye daladala: nota moja inapoteaje, wakati iliyo chini yake ipo na iliyo juu yake ipo?

## Kila mtu ana jibu, na jibu ni wati

Kwenye bendi zetu besi ikikosekana, dawa ya kwanza kutajwa ni nguvu. Amplifaya yangu ni ya transista, wati 300, ilishatumika Ulaya kabla ya kunifikia. Wenzangu walikubaliana bila hata kikao kwamba imechoka, inunuliwe ya wati 600, zile nyepesi za kisasa.

Nyepesi ni kweli. Siku hizi unapata kichwa, yaani amplifaya peke yake bila spika, cha wati 500 ambacho hakifiki kilo tatu, unakitia kwenye begi la mgongoni. Kampuni ya Ampeg ilipotoa amplifaya yake ya besi, SVT, mwaka 1969, wati 300 za valvu, zile chupa za kioo za kabla ya transista, kichwa peke yake kilizidi kilo 35, na boksi lake la spika nane za inchi 10 wapigaji walilibatiza friji. Rolling Stones walizunguka nazo Marekani mwaka huohuo. Wakati ule tatizo lilikuwa la kweli: majukwaa yamekuwa makubwa, gitaa zimekuwa na kelele, na mpiga besi hasikiki. Nguvu ilihitajika, na ilipatikana.

Lakini hesabu ya wati haibembelezeki. Ukiongeza nguvu maradufu unapata desibeli 3 tu, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Sikio linatambua tofauti, ila ni ndogo. Ili sauti isikike imekua mara mbili unahitaji desibeli 10 hivi, maana yake nguvu mara kumi. Kutoka wati 300, hiyo ni 3,000. Spika zangu haziwezi kubeba mzigo huo. Kabla hujaukaribia koili, ule waya uliosokotwa unaosukuma koni, imeshapata moto, ukinzani wake umepanda, na unazidi kulipia umeme unaoishia kuwa joto.

Hata hivyo kilichonikataza kutoa fedha hakikuwa hesabu hiyo.

Amplifaya iliyochoka inapunguza kila kitu. Haichagui A.

## Taa ya wati 60

Fundi wangu yuko Kariakoo, chumba kidogo cha ghorofani kilichojaa redio, mikisa na vichwa vya amplifaya vilivyovuliwa nguo. Ni mzee wa siku nyingi kwenye kazi hii. Alianza miaka ambayo fedha za kigeni zilikuwa adimu, na chombo cha bendi kikiharibika hakukuwa na duka la kukimbilia. Vyombo vyenyewe mara nyingi havikuwa mali ya mwanamuziki. Vilikuwa vya jumuiya, vya shirika, vya mwenye bendi. Ukihama bendi unaviacha. Chombo kilichokuwepo kilitengenezwa, kikatengenezwa tena, na mikono iliyokitengeneza ilijifunza mambo ambayo hayamo kwenye kitabu chochote nilichowahi kukishika.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Weka hapa."

Hachomeki amplifaya ngeni moja kwa moja ukutani. Kati ya plagi na ukuta ameweka holda yenye taa ya kawaida ya wati 60, ya waya, siyo hizi za LED. Umeme wote wa mashine lazima upite kwenye taa hiyo. Kama ndani kuna shoti, taa inawaka yote na transista zinapona, kwa kuwa taa imebeba mzigo. Kama mashine ni nzima, taa inameremeta sekunde moja, na kapasita, vile vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme, zikishajaa inafifia. Ya kwetu ilimeremeta, ikafifia, ukabaki wekundu kwenye uzi wa taa.

Ndipo tukasikia mvumo kwenye spika. Ulikuwepo siku zote, nilishauzoea.

Mzee akainamisha kichwa. "Una gitaa? Piga G tupu."

Nikapiga G tupu, uzi wa juu kabisa. Mvumo na uzi vikaanza kusukumana: sauti inapanda, inashuka, inapanda, inashuka, mara mbili hivi kila sekunde.

"Huu ni wa mia," akasema. "Kapasita za pawa zimekauka."

Ilinibidi nimwombe anieleze, na nikishaeleza hapa utaona kwa nini sijaisahau. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Ukipita kwenye daiodi ndani ya mashine, mawimbi ya chini yanageuzwa kuwa ya juu, hivyo unapata mapigo 100 kwa sekunde. Kapasita kubwa ndizo zinazoyalainisha. Zikikauka, mapigo yanavuja hadi kwenye spika. Uzi wa G tupu wa besi ni hezi 98. Tofauti ni mbili, na ndiyo ule mtikisiko wa mara mbili kwa sekunde. Mvumo ungekuwa wa hezi 50 ungeendana na G ya chini, freti ya tatu ya uzi wa E, ambayo ni hezi 49, na hapo mzee asingegusa kapasita kwanza. Angetafuta waya wenye kasoro au ethi.

Miaka yote nimepiga besi nikiwa na kipimo hicho shingoni, na hakuna aliyeniambia.

Akaona na jambo la pili. Nyuma ya mashine kuna matundu mawili ya kupeleka sauti kwenye kifaa cha nje na kuirudisha. Hata usipoyatumia, sauti inapita kwenye kibati kidogo ndani ya tundu la kurudishia. Hewa ya pwani ina chumvi; kibati kinashika kutu, sauti inakatika na kurudi bila sababu ya kueleweka. Ukitaka kuthibitisha bila kufungua hata skrubu moja, chukua waya mfupi, unganisha tundu moja na jingine. Sauti ikirudi nzima, ugonjwa umeupata. Mashine nyingi zinatupwa au zinauzwa kwa bei ya kutupa kwa ajili ya kibati hicho.

Onyo kwa mwenye mashine ya valvu: usifungue kwa kuiga haya. Kapasita za valvu zinashikilia mamia ya volti hata baada ya kuchomoa plagi, na kifo chake hakina hodi. Pia usiiwashe bila spika. Transista zinavumilia, transfoma ya kutolea sauti ya valvu inaweza kuungua.

Kapasita zikabadilishwa, tundu likasafishwa, mvumo ukaisha. Nikapiga A.

Ilijaa chumba chote. Mzee akanitazama bila kusema neno, na mimi sikuwa na la kumwambia. Kasoro mbili za kweli zimepatikana na kutibiwa, na hakuna hata moja iliyokuwa inahusika na nota yangu.

## Koni

Kwa kuwa boksi lilikuwa limeshapandishwa ngazi, aliomba alitazame. Ndani kuna spika mbili za inchi 12. Akaweka vidole kuzunguka koni ya kwanza, akaisukuma polepole ndani na kuiachia. Kimya. Ya pili ikakwaruza, mkwaruzo mdogo wa mchanga chini ya kiatu. Koili ilikuwa inagusa chuma.

Nilibaki pale jioni ile nione inavyofanyika, na ningependa kila mpiga besi aone walau mara moja.

Unakata koni ya zamani kuzunguka ukingo, pamoja na kile kitambaa chenye mikunjo kinachoishikilia koili nyuma, vyote vinatoka. Kinachobaki ni fremu, sumaku, na mfereji mwembamba wa duara ambao koili inaogelea ndani yake. Mfereji huo ndio roho ya spika. Upana wake ni milimita chache tu, na vumbi la chuma likiingia sumaku hailiachii. Mzee alichukua selotepu, akaikunja gundi ikiwa nje, akaizungusha ndani ya mfereji, akatoa, akakunja nyingine, mpaka ikatoka safi.

Koili mpya ikashuka mahali pake. Sasa lazima ikae katikati kabisa, na kwa hilo alikuwa na vipande vyembamba alivyokata kutoka filamu ya zamani ya eksirei. Akavipachika pande zote kati ya koili na chuma cha katikati, vikaibana isisogee. Gundi kwenye kitambaa, gundi kwenye ukingo, gundi pale koni inapokutana na koili. Hakuharakisha hata kimoja. Akageuza spika juu chini juu ya meza, akaweka vizito pembeni mwa ukingo, akasema njoo kesho. Kesho yake alivuta vipande vya eksirei kimoja kimoja, akasukuma koni kwa vidole vyote vitano, akatega sikio. Kimya. Ndipo akabandika kofia ya katikati.

Akapima na mita. Spika ya omu 16 (omu ni kipimo cha ukinzani) ikiwa nzima husoma karibu 12, kwa sababu mita inapima waya wa koili peke yake. Ilisoma vizuri.

Akaniuliza: "Na hii nyingine tubadilishe, zifanane?"

Hapo nilisita, na bado nasita hadi leo ninapoandika. Koni ya karatasi ikishapigwa miaka inalegea ukingoni, inajibu kwa ulaini ambao koni mpya haina. Sauti niliyoijua na kuipenda imekaa kwenye karatasi ile. Upande wa pili, spika mbili zisizofanana ndani ya boksi moja hazigawani kazi sawasawa. Moja inaweza kujituma kuliko nyenzake na kufa mapema. Mzee alikuwa na hoja, na ni hoja ya mtu aliyezika spika nyingi. Mimi nilikuwa na sikio langu tu. Nilimwambia aiache.

Akaiacha. Hakunibishia.

## Betri ya volti 9

Kabla ya kufunga boksi nilimwomba jambo moja. Nilikuwa nimesoma kwamba spika mbili zikiungwa kinyume, moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi inafutika huku sauti za juu zikibaki. Ilinipa matumaini. Huenda mtu aliwahi kuzifungua zamani akarudisha waya vibaya.

Alicheka kidogo, akatoa betri ya volti 9. Chanya kwenye chanya ya boksi, hasi kwenye hasi, gusa na uachie. Koni zote mbili ziliruka mbele kwa pamoja.

Hilo nalo likafutwa.

Nilirudi nyumbani na mashine iliyotulia, boksi lisilokwaruza, na imani kwamba kwa vyovyote kitu fulani miongoni mwa vile vilivyoguswa kilikuwa kimeirudisha A. Ijumaa iliyofuata ukumbini, palepale, nikapiga.

Patupu.

## Nyuma ya boksi

Nina kijana ninayemfundisha, huja mapema kunisaidia kubeba. Nilimpa gitaa aendelee kupima, nikaenda nyuma ya jukwaa kufuata waya wa umeme uliopita kando ya ukuta. Nimechuchumaa pale, mgongo karibu na tofali, nikaisikia A.

Nzito, pana, inagonga kifua.

Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikasimama, nikatembea kuelekea kwenye boksi, ikapungua. Nikazunguka mbele, ikapotea. Nikarudi ukutani, ipo.

Ukumbi ule uko wazi pande tatu, paa tu na nguzo. Upande wa nne, nyuma ya jukwaa, ni ukuta wa tofali uliopigwa lipu. Boksi langu huwa linakaa mbele ya dramu, kwa sababu hapo ndipo nafasi ilipo. Nikaomba futi ya fundi wa meza. Kutoka ukutani hadi kwenye uso wa boksi: mita 1.6, pungufu kidogo.

Nota za chini hazielekei mbele kama watu wanavyodhani. Kwenye joto letu la nyuzi 30 sauti inakwenda mita 349 hivi kwa sekunde. A tupu ni hezi 55, kwa hiyo wimbi lake moja lina urefu wa zaidi ya mita 6.3. Boksi la sentimita 60 haliwezi kulielekeza wimbi la ukubwa huo. Linatoka pande zote, mbele na nyuma kwa usawa. Lile la nyuma linagonga ukuta na kurudi. Limekwenda mita 1.6, limerudi mita 1.6, jumla mita 3.2, yaani nusu ya wimbi. Linapofika mbele linakuta lile la kwanza linasukuma wakati lenyewe linavuta.

Ni watu wawili wanaosukuma mlango mmoja kutoka pande mbili. Nguvu zote zimetumika, na mlango haujasogea.

Hapo kila kitu kilinijia kwa pamoja, nikakaa kwenye ukingo wa jukwaa kwanza. D ilikuwa salama kwa sababu wimbi lake ni fupi, linarudi na hesabu nyingine. E ilikuwa salama kwa sababu lake ni refu, karibu mita nane na nusu, na linapunguzwa kidogo tu. A na majirani zake ndio walioangukia kwenye kipimo kile cha ukuta. Na wati? Ukiongeza nguvu unaongeza la mbele na la nyuma kwa kiwango kilekile. Kitufe cha besi hivyohivyo. Tungenunua ya wati 600, tungeliweka boksi mahali palepale, na A ingeendelea kufutwa kwa gharama kubwa zaidi.

Tulisogeza dramu. Tukalirudisha boksi hadi likabaki na nafasi ya kupitisha waya tu nyuma yake.

A ikasimama mbele ya ukumbi na uzito wake wote.

Kuna gharama. Boksi likikaribia ukuta, nota zote za chini zinapata nyongeza, na ukilisukuma hadi kwenye kona zinazidi mpaka zinavimba na kuziba sauti za waimbaji. Nilipunguza kitufe cha besi kuliko nilivyowahi kupunguza maishani, na mwenye solo akasema sasa anasikia kila nota.

## Redio ya mezani

Lilibaki jambo moja linaloniuma kuliko mengine. Kama A ilikuwa haipo, kwa nini watu walicheza bila kugundua?

Jibu nimelipata kwenye muziki niliokulia. Bendi zetu za dansi, NUTA Jazz iliyoanza 1964 na baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, kisha Msondo Ngoma, na Mlimani Park ya kuanzia 1978, nyimbo zao wengi wetu tulizijua kupitia rekodi za Redio Tanzania Dar es Salaam. Tulizisikiliza kwenye redio ya mezani yenye spika inayoenea kwenye kiganja. Spika hiyo haiwezi kutoa hezi 41 za E tupu, wala 55 za A, hata ufanyeje. Na bado kila mtoto mtaani kwetu aliweza kuimba mstari wa besi.

Uzi wa besi hautoi mtetemo mmoja. A ya hezi 55 inakuja na 110, 165, 220 na kuendelea. Redio ndogo inaikosa ile ya kwanza na kutoa zinazofuata, na ubongo unaona mpangilio wao na kuijaza iliyokosekana. Unaisikia nota ambayo haipo hewani. Ukumbini Temeke ilikuwa hivyo pia: 55 ilifutwa, lakini kwa umbali uleule wa ukuta 110 inarudi ikiwa imeungana na ya mbele, ikawa na nguvu zaidi. Masikio ya watu yalipata A. Miguu yao na vifua vyao ndivyo vilivyonyimwa.

Kampuni ya rekodi ya Motown, kule Detroit, Marekani, walilijua hili kwa vitendo. Walisikiliza nyimbo zao kwenye spika ndogo mfano wa redio ya gari kabla ya kuzitoa, na besi ya mpigaji wao James Jamerson studioni mara nyingi haikupitia amplifaya yoyote. Ilikwenda moja kwa moja kwenye mikisa. Kwenye klabu alitumia Ampeg B-15, boksi la spika moja ya inchi 15. Nyuzi zake zilikuwa zile bapa zisizokwaruza, alizoacha bila kubadilisha kwa muda mrefu, na alipiga kwa kidole kimoja. Sehemu kubwa ya sauti yake ilishaamuliwa kabla umeme haujaigusa.

Kwa hiyo nimeanza kuitafuta besi mahali pengine. Badala ya kuongeza chini kabisa, naongeza kidogo kati ya hezi 100 na 250, na nauachia ukuta kazi ya chini. Vijana waliozoea masabufa watasema haitikisi vioo, na nawaelewa, maana muziki wao umetengenezwa kwa ajili ya kutikisa. Muziki wa dansi unataka besi inayozungumza na tumba na gitaa la rithimu, na mazungumzo hayo yako juu kidogo ya pale tunapotupia wati zetu. Nikisikiliza zile rekodi sasa, najiuliza ni vingapi tumevipoteza siku tulipoanza kupima besi kwa mtikisiko wa viti.

## Boksi la pili

Fedha ya amplifaya mpya bado ipo. Wenzangu wamekubali isiende kwenye wati.

Boksi langu ni la omu 8, na mashine inaruhusu mpaka 4. Nikiongeza boksi jingine la omu 8, mzigo unakuwa 4 na mashine inatoa nguvu zaidi yenyewe bila kubadilishwa. Na kwa kuwa eneo la koni linakuwa maradufu, faida inaongezeka tena. Kwa jumla ni karibu desibeli 6 kwa makadirio, mara mbili ya zile ambazo amplifaya ya wati 600 ingetupa, na kila koni inaruka kidogo kuliko sasa. Nikiweka la omu 4 kwa pupa, mzigo unashuka chini ya 3 na nitarudi Kariakoo na transista zilizoungua.

Seremala wa Keko ameniambia plaiwudi ya milimita 18 ipo. Nilimpelekea vipimo vya ndani, na kwanza alitaka kulipunguza kina ili lipite vizuri mlangoni. Tumeelewana kwamba haliguswi: ujazo wa hewa ndani unaamua koni itashuka hadi wapi kabla haijaanza kukwama au kuruka ovyo, na boksi lililopunguzwa kwa ajili ya mlango litadaiwa kila usiku na uzi wa E. Litafungwa kabisa, bila tundu la mbele, lifanane na la kwanza. Mzee anatafuta fremu mbili zenye sumaku nzuri azivishe koni mpya. Ile koni ya zamani tumekubaliana tuiwekee jicho. Ikianza kukwaruza ataitolea vipande vya eksirei, kabla ya hapo haigusi.